Chini ya Mto, Juu ya Baiskeli

Nje kidogo ya Utrecht, pembeni mwa mfereji, imesimama nguzo fupi yenye namba na mshale. Ukiifikia inakuonyesha namba inayofuata, nayo inakuelekeza kwa nyingine, na kwa mtindo huo unaweza kuizunguka Uholanzi nzima kwa baiskeli bila kumuuliza mtu njia. Mpango huo ulianzia kwa jirani zao Ubelgiji, mkoani Limburg, mwaka 1995. Aliyeubuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi, na wazo la namba alilitoa huko huko migodini.

Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyetoka Tanga akahamia Utrecht kwa kazi, alikuwa ameziandika namba zetu kwenye karatasi na kuibandika kwenye usukani. Tungeufuata mto Hollandse IJssel hadi Oudewater, tushuke hadi Schoonhoven, tuvuke mto Lek kwa pantoni, kisha tumalizie kwenye vinu vya upepo vya Kinderdijk. Ni kilomita kama 60. Mwenye haraka huzimaliza kabla ya adhuhuri. Sisi tulikuwa na siku nzima ya mwezi Mei, chapati kwenye keria na chupa ya chai.

"Kaka, milima hutaiona," aliniambia. "Lakini ngoja upepo wa mbisho, ndipo utajua mlima wa huku."

Mimi ni mtu wa Ifakara. Tambarare, mpunga na baiskeli nimezaliwa navyo. Katika bonde la Kilombero baiskeli hubeba gunia, mkaa, mgonjwa na bibi harusi, na ardhi imelala hadi macho yanachoka. Ila kwetu tambarare ni ya mto. Masika yakija mto huidai mali yake, na watu huhama. Huku nilikuwa nimesikia kwamba mashamba yako chini ya mto na watu hawahami. Hilo ndilo nililotaka kuliona, na nilitaka kulipitia polepole.

Njia yenyewe ilinigusa kabla ya maji. Kwenye barabara kadhaa ndogo za vijijini kuna bango lenye baiskeli mbele na gari nyuma yake, likieleza kuwa hapa gari ni mgeni. Na kweli, madereva walitufuata nyuma taratibu, bila honi, mpaka tukapata pa kusogea. Mtu anaweza kudhani Waholanzi wamezaliwa hivyo. Hapana. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini humo, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake barabarani, aliandika gazetini kwa uchungu, na wazazi wakaingia mitaani kudai mauaji ya watoto yakome. Nilipokuwa nikipita kwenye lami ile safi nyekundu niliwafikiria wale wa kwetu wanaoendesha ukingoni mwa barabara kuu, lori likiwapuliza hadi kwenye majani. Sioni sababu hata moja ya wao kustahili kidogo zaidi.

Baada ya Montfoort tuliingia Willeskop, na hapo nchi ikaanza kujieleza. Mashamba ni vipande virefu vyembamba vinavyofanana, kila kimoja na mtaro wake wa maji kushoto na kulia, vikienda nyuma ya nyumba zaidi ya kilomita moja. Zamani hapa palikuwa kinamasi. Kati ya karne ya 11 na ya 13 watawala, akiwemo askofu wa Utrecht, waliwapa walowezi vipande vya vipimo sawa kwa mkataba: chimba mitaro, toa maji, lima, lipa kodi ndogo. Mitaro ile ile ndiyo niliyokuwa naihesabu kutoka kwenye siti ya baiskeli hadi nikachoka kuhesabu.

Oudewater ni mji mdogo wa matofali na madaraja. Tulinywea chai yetu mbele ya nyumba ya mizani, ambako zamani watu waliotuhumiwa uchawi walikuja kupimwa, baadhi yao kutoka nchi za mbali. Iliaminika kwamba mchawi hana uzito, ndiyo maana huruka. Mpimaji alimpandisha mtu, akatamka kuwa uzito wake unalingana na umbo lake, akampa cheti, na cheti kile kiliweza kumwokoa na moto. Sikuweza kusimama pale bila kuwakumbuka vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa kuwa moshi wa kuni umeyafanya macho yao mekundu. Binamu alisoma maelezo ukutani, akanyamaza, tukapanda baiskeli.

Mbele kidogo kuna lango la maji lenye jina refu la Goejanverwellesluis. Mwaka 1672, majeshi ya Ufaransa yalipoivamia nchi, Waholanzi walifungua malango na kukata matuta kwenye mstari uliopita hapa, wakayazamisha mashamba yao wenyewe. Maji yalikuwa mengi mno kwa askari wa miguu na haba mno kwa meli. Wakulima walioyazamisha kwa shingo upande waliingia hasara kubwa, lakini Amsterdam haikutekwa.

Kutoka Haastrecht tuliufuata mto Vlist, na hapa nakiri nilitamani njia isiishe. Vlist ni mto mdogo, mpana kama barabara ya kijijini, una mierebi iliyopogolewa vichwa kingo zote mbili. Maji yanakaribia kugusa nyasi. Nyumba zimeezekwa kwa matete, na kila moja ina daraja lake dogo la mbao. Kwenye shamba moja mama mmoja alikuwa anauza jibini zizini kwake, magurudumu ya manjano yamepangwa kwenye rafu za mbao hadi darini. Aliligonga moja kwa kidole, akasikiliza, akaligeuza. Kila jibini lazima ligeuzwe mara kwa mara ili lisikae upande mmoja. Alitukatia kipande kikavu, cha chumvi, kilichobaki mdomoni hadi Schoonhoven.

Nilimuuliza, binamu akitafsiri, kwa nini ardhi inatikisika kidogo chini ya ng'ombe. Alitutoa nje, akachimbua kwa koleo bonge jeusi kutoka ukingo wa mtaro, akanipa mkononi. Lilikuwa jepesi, limejaa nyuzi za matete yaliyolala majini kwa maelfu ya miaka. Nikalibana, likatoa maji kama sponji. Udongo huu ukikauka hewa huingia, huoza na kusinyaa, kisha shamba hushuka. Likishuka linakuwa karibu zaidi na maji, basi hushushwa maji tena, nalo hushuka tena. Imekuwa hivyo karne kwa karne, na ndiyo maana mito imebaki juu huku mashamba yakizama. Kuoza kule pia hutoa hewa ya kaboni, kwa hiyo siku hizi kuna wanaotaka maji yapandishwe. Hata ndege wa mdomo mrefu aitwaye grutto, anayesafiri hadi Afrika Magharibi na kurudi kutaga kwenye nyasi hizi, anapungua kwa kuwa mashamba ni makavu na hufyekwa mapema. Mama wa jibini alimsifu sana ndege huyo. Kisha akauliza: maji yakipanda, ng'ombe wa kilo 600 atasimama wapi?

Pantoni ya Schoonhoven ni ya nauli ndogo na dakika chache. Ng'ambo tulipanda juu ya tuta la Lek, na hapo hadithi nilizosikia zikawa jambo la kuona kwa macho. Lek ni tawi la mto Rhine. Kulia, meli ndefu za mizigo zilipita karibu usawa wa magoti yetu. Kushoto, chini kabisa, palikuwa na bustani, mapaa na mtoto akirusha mpira. Nilisimamisha baiskeli, nikatazama huku na huku mpaka binamu akanirudia. Katikati ya mto na mtoto yule hakuna kingine ila udongo uliolundikwa na watu.

Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1953 dhoruba iliyavunja matuta ya aina hii sehemu nyingi, na watu 1,836 wakafa. Huko Nieuwerkerk, kwenye Hollandse IJssel ile ile tuliyoifuata asubuhi, tuta lilianza kukatika. Nahodha Arie Evegroen akaiingiza meli yake ndani ya tundu, ikaziba. Nyuma ya tuta lile kulikuwa na makazi ya mamilioni ya watu.

Mbisho ulitukamata kilomita za mwisho. Nilishusha gia, nikainama, nikaacha kuzungumza. Kisha vinu vikaonekana, 19 kwa jumla, vingi vikiwa vya matofali vya mwaka 1738 upande mmoja wa maji na vya kuezekwa kwa matete vya mwaka 1740 upande wa pili. Havikusaga nafaka. Viliyachota maji ya mashamba na kuyainua hadi kwenye hifadhi ya juu, yakisubiri mto ushuke ili yamwagwe humo. Leo kazi hiyo hufanywa na pampu kubwa jirani yake, lakini ndani ya vinu bado wanaishi watu. Nguo zilikuwa kambani.

Kwenye boti ya kurudi kupitia Rotterdam, baiskeli zetu zikiwa zimefungwa nyuma, binamu alinieleza kuhusu ankara anayoletewa kila mwaka na bodi ya maji. Bodi hizo ziko 21, baadhi zina asili ya karne ya 13, zinatoza kodi zao zenyewe, na wajumbe wengi huchaguliwa kwa kura kila miaka minne. Yeye si raia, ana kibali cha kuishi tu, lakini kura hiyo anapiga.

"Ulimpigia nani?"

"Wanaotaka maji yapandishwe."

"Na mama wa jibini?"

"Wakulima, hilo halihitaji kuulizwa." Alifungua kifurushi, akanikatia kipande kingine. "Tunagombania sentimita ishirini tu, kaka. Lakini kwake sentimita ishirini ndizo ng'ombe wote."