Kikombe chenye sukari

Ndugu zangu, katika kazi yetu ya uandishi chai ni neno la hatari. Ofisa akikuambia anataka chai, kila mtu anajua hazungumzii majani. Mtu unayemhoji akisema "twende ukanywe chai kidogo", unaanza kumwangalia mfukoni kama kuna bahasha. Siku hizi vijana wameongeza na maana nyingine: ukileta stori isiyo na kichwa wala miguu, wanakwambia hiyo chai. (Kwa mwandishi wa habari nadhani hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote!) Kwa hiyo nilipomaliza chuo na kuanza kazi gazetini nilijiwekea sheria: nikiwa kazini sili wala sinywi kwa mtu. Nikaiona sheria safi kabisa, na wenzangu nikawa nawaringia nayo.

Ajabu ni kwamba mimi ni mtoto wa chai. Nimekulia Rungwe, na nyumbani tulikuwa na kipande chetu cha shamba. Wajerumani waliijaribu kwanza kule Amani, Usambara, mwanzoni mwa miaka ya 1900, lakini mimi nilipokuwa mdogo niliamini chai imeumbwa na Mungu Tukuyu. Siku ya kuchuma tuliamka gizani. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Ukileta yaliyokomaa, karani wa mizani anayamwaga pembeni mbele za watu. Lori linayawahisha kiwandani, maana yakilala kwenye gunia yanapata joto na kuharibika. Halafu sisi wenye vidole vyeusi tukitaka kunywa chai tunakwenda dukani kununua pakiti, kama watu wa mjini tu.

Mama alikuwa na vikombe sita vya udongo vyenye maua, vimefungiwa kabatini. Sisi tulinywea vya plastiki. Mgeni akipiga hodi mama hakuwa anamwuliza "utakunywa chai?", kwake hilo lilikuwa swali la kumfukuza mtu kwa adabu. Anamwuliza habari za kwake, na huku ananikonyeza, nami nishajua: kuni, sufuria, tangawizi ipondwe. Maziwa yanapanda, unapunguza moto, yanapanda tena. Na mgeni hasemi kilichomleta. Deni, ugomvi, mtoto aliyefukuzwa shule, yote yalikuwa yanasubiri kikombe cha pili. Nilikuja kusoma mbinu za mahojiano muhula mzima chuoni, hiyo hawakuitaja.

Sasa twende Mbagala, Februari 2024. Mnakumbuka sukari ilivyoadimika. Mvua za El Nino zilikuwa zimeloanisha mashamba ya miwa, miwa haivuniki, viwanda vikasimama. Januari ilitangazwa bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, lakini mtaani bei ilijipangia yenyewe. Mhariri akanituma nikatafute mtu, maana takwimu tunazo. Nikampata mama mmoja anayeuza vitumbua asubuhi nje ya nyumba aliyopanga. Alikuwa ananunua kilo kwa 4,500, siku akiipata.

Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha ndani. Mahojiano yakaenda vizuri: vitumbua amevipunguza ukubwa, wateja wananuna, dukani daftari la mkopo limejaa. Katikati ya maelezo akainuka, akarudi na sinia lenye vikombe viwili vya chai. Nikatoa sheria yangu.

"Asante mama, nimeshiba. Halafu kazini kwetu haturuhusiwi."

Akanitazama. Afadhali angekasirika. Akasema, "Mwanangu, kwani nimekuomba uandike nini?"

Nikakosa jibu, nikapokea. Ilikuwa chai ya rangi yenye mchaichai na iliki kwa mbali, tamu, tena tamu hasa, ile ya vijiko vitatu. Nikafunga daftari. Hapo ndipo akaanza kuniambia mambo ambayo hayakuwa kwenye maswali yangu: kwamba amewaza kurudi kwao Lindi, kwamba anaona aibu kurudi mikono mitupu, kwamba watoto hawajui bado. Hayo sikuyaandika na leo pia nayaacha hapo.

Binti yake mdogo, wa miaka sita hivi, akaingia mbio kutoka nje. Akachukua kikombe cha mama yake, akapiga funda moja, akakunja uso.

"Mama, hii haina sukari."

"Nenda kacheze," mama akamwambia.

Mimi nikabaki nimeshika changu. Kubakisha ingekuwa tusi, kumrudishia ingekuwa tusi zaidi. Nikanywa mpaka nikaona majani chini, na sijawahi kunywa kitu taratibu namna ile.

Habari ilitoka ukurasa wa ndani. Mvua zimo, bei elekezi imo, 4,500 imo. Nilikuwa nimeandika aya mbili kuhusu vile vikombe, mhariri akazikata, akasema hapo hapana habari. Tukabishana kidogo, akashinda, ni mhariri.

Wiki iliyofuata nikarudi Mbagala na kilo moja ya sukari kwenye mfuko wa kaki. Njia nzima kwenye daladala nilikuwa najiuliza: hii ni zawadi, au namlipa mtu aliyenipa habari? Kama ningekuwa namhukumu mwenzangu ningemwambia amekosea. Sikupata jibu, konda naye alikuwa ananidai nauli. Yule mama akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akaupima uzito, akacheka. "Haya, kaa basi," akasema, akaenda nyuma kuwasha jiko.

Safari hii vikombe vilikuja vitatu. Yule binti alimaliza cha kwake kabla yangu.