Mwaka wa Tasnifu

Mpwa wangu anasoma Los Angeles katika chuo cha miaka miwili, na mwakani atahamia UCLA. Juzi kaniuliza kwenye simu: "Mjomba, tasnifu ya honazi ya nini, ikiwa shahada naipata bila hiyo?" Swali limenikera, maana njia hiyo ya kuhamia niliipita mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Njia yenyewe ni ya zamani. Nimehakikisha mwaka: mpango wa elimu ya juu wa California uliotufungulia sisi wa vyuo vidogo mlango wa mwaka wa tatu ni wa 1960. Shida ilianza ukishaingia. Ulifika Septemba, na maombi ya uzamili yalifungwa Desemba ya mwaka uliofuata. Katika muda huo utafute maprofesa watatu wa kukuandikia barua, na wenzako waliopo tangu mwaka wa kwanza wanajulikana kwa majina.

Mimi nilijulikana kwa tasnifu. Niliandika juu ya barua za wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923. Nakala zake za maikrofilamu ziliazimwa Chicago. Chumba cha kuzisomea kilikuwa na giza hata mchana, na baadhi ya makasha yalinuka siki, kwani filamu za asetati zikichakaa hutoa harufu hiyo. Mama aliyekisimamia alinifundisha kuivisha mashine filamu, kuandika tarehe na ukurasa kabla ya kunakili neno lolote, na kuacha nafasi ya maswali pembeni mwa daftari. Akipita nyuma yangu huuliza nimegundua nini, nami sharti niwe na jibu.

Jibu hilo nilimpelekea msimamizi wangu. Kurasa zilirudi zimejaa wino: ushahidi uko wapi, nani anakupinga, kwa nini umeishia 1939? Katika kumbi za mihadhara hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Alipokaa kuniandikia barua, alikuwa na la kusema. Na semina ya kwanza ya uzamili ilinikuta nimeshazoea kukosolewa.

Baadaye ukaja mpango wa McNair, wenye jina la mwanafizikia aliyefariki katika ajali ya Challenger mwaka 1986, kuwaandaa kwa uzamivu vijana wa familia zisizo na uwezo, kwa njia hiyohiyo ya utafiti. Magazeti yakahamia kwenye kompyuta. Leo kijana anaomba barua kwa imeili kwa profesa ambaye hajawahi kukaa naye hata saa moja. Inaudhi.

Uzamili unamtaka mtu aliyekwisha kuishi na swali moja mwaka mzima, na mwalimu wa kulishuhudia hilo. Anayehamia ana miaka miwili tu. Mmoja autumie hapo.