Michezo Miwili ya Vita Vile Vile

Katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, pale Bush House, kutoegemea upande kulikuwa kazi ya kila siku. Waziri akisema, mpinzani wake naye atafutwe. Asipopatikana, msikilizaji aambiwe. Saa haikuturuhusu falsafa.

Mwaka 1986 kantini yetu ya chini ilijaa gumzo la mchezo wa runinga ambao hakuna aliyeuona. Ian Curteis alikuwa ameandika juu ya vita vya Falklands vya 1982, kati ya Uingereza na Argentina, tena baada ya kuagizwa na Alasdair Milne, mkurugenzi mkuu mwenyewe. Waziri mkuu wake, Margaret Thatcher, ni binadamu, anaumia askari wanapokufa. Mchezo ukasimamishwa. Wakubwa walisema uchaguzi mkuu uko karibu. Curteis akasema alitakiwa aongeze mawaziri wakipiga hesabu za kura vitani, akakataa kwa kuwa hakuona ushahidi.

Wenzangu wengi Waingereza hawakumpenda Thatcher, basi hawakuchimba sana. Mimi nilichimba. Nilikotoka nilishaona mchezo wa redio ukifutwa: hupewi barua wala sababu, unakwenda maktaba na kanda haipo.

Kisha, Mei 1988, BBC hiyo hiyo ikarusha *Tumbledown* ya Charles Wood. Colin Firth aliigiza luteni Robert Lawrence, aliyepigwa risasi ya kichwa katika mlima wa jina hilo huko Falklands akarudi nyumbani nusu ya mwili imepooza, na nchi iliyomshangilia haijui imfanye nini. Sikulala vizuri usiku ule. Baadhi ya wanasiasa walikuja juu wakidai mizani, na hapo nilikuwa upande wa Wood kabisa: ukimlazimisha mwandishi amtie ndani jenerali wa kusawazisha mambo, umeua mchezo. Dawa ilikuwa kuurusha na wa Curteis, wiki ileile ikibidi, watazamaji wagombane wenyewe sebuleni.

Mchezo wa Curteis ulingoja hadi 2002 ndipo ukarushwa, Patricia Hodge akiwa Thatcher, kwenye BBC Four, stesheni iliyokuwa na umri wa wiki chache tu. Nilikuwa nimeshastaafu. Mazungumzo mengine humo, nakiri, ni makavu kama taarifa ya wizara. Nilimpigia simu mhariri mmoja wa zamani, aliyewahi kuapa kantini kwamba mchezo ule ni propaganda tupu, nikamuuliza kama anautazama.

“Mchezo gani?” akasema.