Maji Si Mafuta

Kalemie

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ni mzima, wadogo zako wanasoma, na tunakuombea huko Lubumbashi. Mama yako amenieleza mliyozungumza kwa simu. Una kilo 68, unatakiwa upigane katika uzito wa kilo 63.5, na mashindano yamebaki siku kumi. Amesema unakimbia juani umevaa jaketi la plastiki, hunywi maji, na rafiki yako ameahidi kukutafutia vidonge vya kukojoza. Mimi ni shangazi yako, na nimekuwa muuguzi tangu kabla hujazaliwa. Siwezi kunyamaza.

Mji wetu unakijua kipindupindu. Hupita miezi kikapungua, kisha kikarudi. Nimewapokea wavuvi, watu wa kuvuta nyavu usiku kucha, wakiletwa mgongoni kwa ndugu zao: macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, misuli ya miguu imekaza kwa maumivu, mapigo ya mkono hayashikiki. Jana yake walikuwa na nguvu kukushinda wewe. Kilichowaangusha ni kutokwa na maji. Wagonjwa wale hawakuchagua. Wewe unajikausha kwa hiari, na hilo ndilo linaloniuma.

Elewa, mwanangu, kinachotoka ndani ya lile jaketi. Mafuta ya mwili hayaondoki kwa saa mbili za jasho. Yanayoondoka ni maji, na sehemu yake inatoka kwenye damu. Damu ikipungukiwa maji, moyo unalazimika kupiga mbio, mwili unashindwa kujipoza, figo zinaumia, na chumvi zinazoongoza mapigo ya moyo zinavurugika. Ukipoteza asilimia 2 tu ya uzito wako, yaani kilo moja na gramu mia tatu hivi, pumzi na wepesi wa akili huanza kushuka. Wewe unataka kutoa kilo nne na nusu, karibu asilimia 7, kisha uingie ulingoni kupigwa kichwani.

Haya yamekwisha kuua. Mwaka 1997 huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa katika muda wa wiki tano hivi, wakijikausha kwa joto na nguo za mpira ili wafikie uzito. Baada ya hapo vyuo vilipiga marufuku nguo hizo na vyumba vya joto, na upimaji ukasogezwa karibu na saa ya pambano. Mwaka 2015 kijana wa China, Yang Jian Bing, alifariki Manila kabla hata ya kupanda ulingoni. Na mwaka 2024 kule Paris, Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya mieleka ya kilo 50. Usiku ule hakulala: alitoka jasho, akajinyima maji, hata nywele zikakatwa. Asubuhi mizani ikaonyesha gramu 100 zaidi. Aliondolewa bila medali yoyote, akapelekwa kliniki kwa upungufu wa maji. Ninyi mabondia wa ridhaa nanyi hupimwa asubuhi ya siku ya pambano, kwa hiyo muda wa kujirudishia maji ni mfupi mno. Vidonge vya kukojoza, ukiacha hatari yake kwa moyo, viko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Vikionekana kwenye mkojo wako, utafungiwa.

Sikukatazi kupunguza uzito. Nakutaka upunguze mafuta, na mafuta hayana haraka. Nusu kilo kwa wiki ndiyo mwendo ambao mwili unaupokea bila kula misuli yake wenyewe. Kilo nne na nusu, basi, ni wiki tisa.

Wiki hizo uzipitishe kwa chakula chetu hiki hiki. Ndagala usizipunguze: zilizokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa zinaliwa na mifupa yake, zinakupa pia kalisi. Maharagwe nayo yabaki, pamoja na sombe na mboga nyingine. Kinachopunguzwa ni mawese, maana kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120, na sombe ya nyumbani kwetu huogelea ndani yake. Acha soda, mandazi na sukari nyingi kwenye chai. Bukari ipunguze kidogo, usiiache kabisa: ndiyo inayokupa nguvu ya mazoezi, hivyo uile zaidi siku za kazi ngumu na kidogo siku za mapumziko. Maji unywe kutwa, na mkojo wako uwe wa manjano hafifu. Jipime asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya kula, na utazame mwendo wa wiki nzima, usihangaike na siku moja.

Ukiona kizunguzungu, moyo unaruka mapigo, mkojo umekuwa mweusi au umekatika, au unasikia baridi katikati ya joto, acha mazoezi na uende kwa daktari saa hiyo hiyo.

Lakini kwa mashindano haya wiki tisa huna. Kwa hiyo jiandikishe katika kilo 71, ambako tayari unaingia bila kupoteza hata gramu moja. Najua utakutana na vijana waliokuzidi kilo mbili tatu. Utakutana nao ukiwa umelala, umekula, na damu yako ina maji yake, na bondia wa namna hiyo ana pumzi ya raundi ya mwisho. Ukikauka, hata aliye mwepesi kuliko wewe atakushinda. Una miaka kumi na tisa, mwili wako bado unajijenga. Huenda 63.5 haikuwa nafasi yako tangu mwanzo.

Msomee kocha wako barua hii, kwa heshima. Akikataa, mwambie shangazi yako anaomba kuzungumza naye, na unipigie nimweleze mwenyewe. Jaketi lile mpe mtu wa kuvaa wakati wa mvua. Leo jioni kunywa maji, ule ushibe, kisha mama yako apate simu yako kwamba umefanya hivyo.

Mungu akulinde.

Shangazi yako akupendaye