Tunachangiana misiba, hatuelekezani njia

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1. Katika wilaya zake tano, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni vigumu kuipata sekondari yenye umri wa kutosha ambayo wahitimu wake hawana kundi la WhatsApp. Mimi mwenyewe nimo katika mawili: moja la tuliomaliza kidato cha nne pamoja, jingine la shule nzima. Hivi karibuni niliketi nikapitia mazungumzo ya mwezi mzima ya kundi hilo la pili. Nilikuta michango ya misiba mitatu, kamati ya harusi moja, ombi la mkuu wa shule la saruji ya choo cha wasichana, picha za maua zenye salamu za asubuhi, na ubishi mrefu wa Simba na Yanga. Sikukuta swali hata moja kutoka kwa mwanafunzi aliyeko shuleni leo, wala neno lolote lililoelekezwa kwake.

Sisemi hayo kwa dharau. Anayetaka kujua kama Watanzania tunaweza kujipanga bila kuamrishwa na mtu, atazame jinsi kundi la namna hii linavyomsafirisha marehemu kutoka Dar es Salaam hadi Itilima. Mweka hazina hupatikana ndani ya saa moja. Orodha ya waliotoa na walioahidi hubandikwa kila jioni. Lau halmashauri zetu zingetoa hesabu kwa uwazi huo, wakaguzi wangekosa kazi. Swali langu ni kwa nini uwezo huu wote humfikia mtu akiwa ameshafariki, ilhali kijana wa miaka kumi na saba, anayetakiwa kuchagua njia ya maisha ndani ya wiki chache, huachwa akibahatisha.

Wakubwa zetu wa Usukumani walikuwa na shikome, ule moto wa jioni ambapo vijana waliketi na wazee wakasikia habari za ng'ombe, mashamba, safari na ndoa. Shule ilipokuja ilichukua vijana, na serikali ikachukua jukumu la kuwaonyesha pa kwenda. Kwa miongo miwili na zaidi baada ya uhuru, aliyehitimu chuo alipangiwa kazi. Barua ilimfikia ikimweleza aripoti Songea au Bukoba, akafunga mizigo. Katika mfumo huo mwalimu wa ushauri wa kazi hakuwa na la kushauri. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliuondoa utaratibu wa kupangiwa, lakini shule hazikupewa chochote cha kuziba pengo. Tulibaki na cheo cha mwalimu wa ushauri na unasihi, na aghalabu anayekibeba anafundisha vipindi kama wenzake wote, ana daftari moja, na huitwa pale tu mwanafunzi anapopata ujauzito au anapotoroka.

Wakati huo huo uchaguzi umekuwa mgumu zaidi. Ada ya sekondari iliondolewa kuanzia mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita, na jambo hilo limewaingiza darasani watoto ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kujaza fomu ya chuo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba tahasusi za kidato cha tano zitafikia 65. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, mhitimu hupewa muda wa kubadilisha machaguo yake katika mfumo wa Selform wa TAMISEMI. Natamani msomaji amfikirie binti wa Kanadi au Mwandoya, mzazi wake mkulima wa pamba, akiwa na herufi za tahasusi mbele yake kwenye simu ya kuazima huku muda unakwisha. Atamuuliza nani? Kambi za kitaaluma zilizoendeshwa mkoani wakati Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa ziliwasaidia wengi kufaulu, na nilizipenda. Lakini kufaulu kunamfikisha mtoto kwenye njia panda tu.

Nikiwa likizoni Bariadi nilimtembelea mwalimu mmoja wa sekondari ya kata ambaye hataki nimtaje. Ofisi yake ni meza moja katika kona ya stoo ya vitabu. Juu yake kuna boksi tupu la chaki za Maswa, lililotobolewa tundu, ambamo wanafunzi hutumbukiza maswali bila kuandika majina. Kila Jumapili jioni huchagua swali moja, moja tu, akaliweka katika kundi la wahitimu. Majibu anayoyapata huyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo Jumatatu. Yakiwa ya sauti, huyapiga darasani kwa kispika kidogo alichonunua gulioni.

Nilimuuliza kwa nini asifungue ukurasa wa shule kule Instagram au TikTok, kama zifanyavyo shule za mijini. Alicheka. "Mkuu, wanafunzi wangu hawaruhusiwi simu shuleni. Nitakuwa namwandikia nani?" Nimehudhuria semina nyingi kuhusu matumizi ya mitandao katika elimu, na sikumbuki kusikia swali lenye akili kuliko hilo. Mtandao kwake ni barabara ya kumfikia mhitimu aliyeko Meatu au Muscat. Safari ya mwisho, kutoka kwenye simu hadi kwa mtoto, hufanywa na karatasi. Tena hautegemei mtandao mmoja. Namba za wahitimu, kazi zao na mwaka waliomaliza amezinakili katika daftari kubwa la mistari, na kundi likivunjika kesho anaweza kuanza upya. Sisi tulioshuhudia X ukiacha kupatikana nchini mwezi Mei 2025 tunajua kwamba tahadhari hiyo si ya kizee.

Maswali yenyewe ndiyo yaliyonifunza zaidi. Hayafanani na "naomba ushauri kuhusu maisha." Yanauliza: mtu aliyesomea mifugo ngazi ya cheti hufanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Fundi umeme wa magari alianzia wapi, na vifaa vya kwanza alivinunua kwa fedha gani? Mhasibu wa AMCOS alisoma tahasusi ipi? Swali dogo hupata jibu la kweli. Afisa mifugo mmoja alituma sauti ya dakika nne akieleza josho, chanjo, na pikipiki ya ofisi inayokaa bila mafuta. Darasa lilicheka, kisha likauliza maswali mengine kumi.

Jambo jingine sikulitarajia. Mwalimu anasema wanaojibu maswali ni wengi kuliko wanaochangia saruji. Nimelitafakari, na naona sababu yake. Kundi linaloomba fedha humfukuza kimyakimya asiyekuwa nazo. Mhitimu asiye na ajira huzima sauti ya kundi, baadaye hutoka, na anayetoka ndiye mwenye habari ambayo mtoto wa kidato cha nne anaihitaji kuliko hotuba ya daktari wa falsafa kama mimi. Mmoja wa waliorudi alikuwa na shahada ya ualimu. Alisimulia miaka aliyosubiri, usaili alioufanya, na duka la pembejeo analoliendesha sasa. Hakulalamika. Mwanzoni mwa mwaka 2025 tulisikia kwamba waombaji zaidi ya 200,000 walijitokeza kwa nafasi za ualimu zaidi kidogo ya 14,000. Takwimu ile iliponipitia katika habari niliisoma kama mtafiti. Watoto wale waliisikia ikiwa na sauti ya kaka yao.

Wiki hiyo mzazi mmoja alifika shuleni. Binti yake alikuwa amemsimulia. Alimwambia mwalimu, "Nina ng'ombe wanne wa kuuza kwa ajili ya huyu mtoto. Nataka kuzungumza na huyo kijana wa duka kabla sijauza." Walizungumza kwa simu karibu saa nzima. Ng'ombe waliuzwa hatimaye, kwa stashahada ya maabara, si ya ualimu. Kama uamuzi ule ulikuwa bora, miaka itasema. Ila ulifanywa na baba aliyekwisha kuuliza.

Kuna mambo ya kuangalia. Makundi haya hupenyezwa na matapeli wa ajira, wanaotaka "fedha ya fomu" itumwe kwenye namba fulani. Mwalimu ana kanuni moja: tangazo lolote la kazi serikalini lisilopatikana kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira halibandikwi ubaoni. Pia hatoi namba ya mwanafunzi kwa mhitimu, wala picha yake, na mazungumzo ya simu hufanyika mbele yake au mbele ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamuunga mkono, ingawa yeye anaongozwa zaidi na kumbukumbu ya watu wazima wasioaminika.

Vyuo vikuu, ambako wanafunzi wana simu mkononi mchana na usiku, havina kisingizio hicho cha karatasi. Hata hivyo kurasa nyingi za ofisi zetu za ajira zimejaa picha za meza kuu: mgeni rasmi, chupa za maji, bango la semina. Mwanafunzi huipita picha hiyo kama anavyopita bango la uchaguzi uliokwisha. Mmoja wa wanafunzi wangu aliniambia kwamba hajawahi kuuliza chochote pale kwa sababu hajawahi kuona mtu akijibiwa.

Kwa watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa, nitaeleza gharama. Mwalimu yule aliomba apunguziwe vipindi viwili kwa wiki na apewe bando la mwezi, kwa kuwa sauti za wahitimu humla vocha yake mwenyewe. Aliandika barua, ikapitia kwa mkuu wa shule, ikaenda mjini. Nilipompigia juzi alikuwa hajajibiwa. Alikuwa akipanga maswali ya Januari, matokeo yatakapotoka, na akaniuliza kama ninamfahamu mhitimu yeyote wa shule ile anayefanya kazi ya kupima ardhi, kwa sababu swali hilo limekuwamo bokisini tangu Agosti.