Masikio ya Mjomba

Kwetu Morogoro, ukitaka kumsalimia mjomba ulikuwa unasogea mpaka kwenye sikio lake la kulia, unajaza pumzi kifuani, ndipo unaiachia shikamoo yako. La kushoto halikuwa na habari. Sisi watoto tulicheka sana. Tulimjia upande ule wa kushoto tukamwita majina ya ajabu ajabu, naye akaendelea kushona viatu vyake kama hakuna mtu. Mama akitukamata tunakula bakora. Hakuna aliyetueleza kwamba masikio yale yalibaki Uganda mwaka 1979, kwenye vita vya Kagera, ambako mjomba alikuwa kikosi cha mizinga.

Nimeanza na mjomba, msomaji, kwa sababu nataka kukusimulia habari ya bunduki, na sipendi uniangalie vibaya kabla sijamaliza.

Nilifika Houston, Texas, mwaka 2021, kwa dada yangu, na karatasi zangu za ukaazi mkononi. Shemeji ni mtu wa Tanga aliyeota mizizi kule. Uraia anao, nyumba anayo, na Jumamosi akipata nafasi huenda uwanja wa shabaha. Kule si jambo la kumshangaa mtu. Ni kama kwetu mzee kwenda kucheza bao.

Bunduki yake ni fupi, ya kuegemeza begani, lakini inakula risasi za bastola, milimita 9. Wenyewe huiita kabaini. Haipigi teke sana na risasi zake si ghali. Mtutu wake una inchi 16, na hiyo si bahati nasibu: ukiwa mfupi zaidi ya hapo, sheria yao inaihesabu silaha ya daraja jingine, na makaratasi yake ni mengine.

Siku ya kwanza nilikwenda kuzuga tu. Nikavaa viziba masikio, nikainama kuokota maganda, kimoja kikateleza. Papo hapo mtu wa meza ya jirani akafyatua, na juu yetu kuna paa la bati. Mlio mmoja tu, bwana. Siku tatu nilitembea na nyenje kichwani. Usiku wa pili, nikiwa nimelala macho wazi, nikamkumbuka mjomba. Nikajiuliza nyenje wake wamelia miaka mingapi, na sisi tulikuwa tunacheka.

Asubuhi nikamwambia shemeji, "Mimi sirudi kule mpaka uweke kiwambo cha sauti."

Akacheka. "Unataka tuwe majambazi wa kwenye video, shemeji?"

Simlaumu. Wengi wetu tumelelewa na vibanda vya video. Jamaa wa koti refu anazungusha kibomba mbele ya bastola, "pfyu", mlinzi anaanguka, mwenzake hata hageuki. Uongo mtupu! Risasi ya milimita 9 bila kiwambo hupiga kelele ya desibeli kama 160. Kiwambo kizuri hupunguza kati ya 20 na 35 hivi. Inabaki kelele kubwa, ila umeshuka chini ya 140, kiwango ambacho kanuni za usalama kazini za Marekani zinasema mlio wa ghafla usikipite. Hata hivyo viziba masikio huvai kimoja ukaacha kingine. Unavaa.

Na ujanja wenyewe ni ule ule wa sailensa ya gari. Nyuma ya risasi hutoka hewa ya moto yenye nguvu nyingi. Ndani ya bomba kuna visahani vyenye tundu katikati, vimepangwa kimoja baada ya kingine. Risasi inapita tunduni. Hewa inazungushwa chumba hata chumba, inapoa, inatoka imechoka. Aliyepata hati ya uvumbuzi wa kitu hiki mwaka 1909 ni Mmarekani Hiram Percy Maxim. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni rashasha ya Maxim mwaka 1884, ile ile ambayo wakoloni walikuja nayo Afrika. Mzee yule alizeeka kiziwi. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikakaa. Mtu anaunda chombo cha kumaliza watu wa mbali, nacho kinaanza na masikio yake mwenyewe.

Basi shemeji akakubali, tukaanza kuulizia bei. Kabla hatujanunua, Jumamosi moja jamaa mkarimu wa meza ya pili akatuambia, "Jaribuni changu." Hesi za mtutu wa shemeji ni za nusu inchi, nyuzi 28 kwa inchi. Kiwambo cha yule bwana kikaingia laini kama kifuniko cha chupa. Shemeji keshapachika magazini. Mimi nina tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungia maandazi. Nikainama nikasoma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa bomba: .22.

Yaani tundu la risasi ya milimita 5.6, na yetu ni 9. Hesi zile zile, tundu silo.

"Shemeji, toa kidole!"

Akatoa. Tulipomwonyesha mwenyewe, jasho likamtoka. Risasi ya kwanza ingevisomba visahani vyote, na bomba lingeweza kupasuka pale pale, mimi nimesimama ubavuni. Waandishi wenzangu mnaoambiwa nyumbani kwamba kusoma soma hakulipi, siku hiyo kulilipa.

Tangu hapo tulichagua kwa makini kama mtu anayeposa. Kwanza tundu: lazima kiwe kimeandikwa ni cha risasi unayopiga, au kikubwa zaidi, kamwe si kidogo. Pili hesi: nusu inchi kwa nyuzi 28 ni za kawaida Marekani, lakini zipo kabaini za nyuzi 36, na bunduki nyingi za Ulaya zina hesi za milimita 13.5 zinazofungwa kwa kushoto. Ukilazimisha, umeua mtutu.

Tatu ni jambo ambalo fundi wa dukani alitufafanulia vizuri. Viwambo vingi vya bastola vina springi ndani ya kitako chake, kwa sababu mtutu wa bastola nyingi hucheza kila inapopiga, na uzito ukiuelemea haujazi risasi nyingine. Mtutu wa kabaini ya shemeji umekazwa, hauchezi. Kwa hiyo springi inatolewa, inawekwa pete ya chuma isiyobonyea. Ukiiacha, kiwambo kinapigwapigwa bure mpaka kinaharibika.

Nne, uzito. Risasi ya bastola haina shinikizo kubwa kama ya raifo, kwa hiyo bomba la aluminiamu linatosha, nalo ni jepesi. La chuma au titani linadumu zaidi, ila mfuko nao una maneno yake. Shemeji alichukua aluminiamu.

Halafu makaratasi. Sheria yao ya mwaka 1934 iliweka viwambo pamoja na rashasha: fomu, picha, alama za vidole, na kodi ya dola 200. Tulinunua 2024, shemeji akailipa yote. Kuanzia Januari 1, 2026 kodi hiyo imekuwa sifuri, lakini fomu na vidole vimebaki, na yapo majimbo 8 ambayo mtu wa kawaida haruhusiwi kabisa.

Kibali kilipotoka, tulifunga mezani jikoni, dada na mtoto wakiwa hawapo. Magazini nje. Tukaikokoa, tukachungulia chemba, shemeji akatia kidole kuhakikisha. Tukafungua kile kifuniko cha mdomo wa mtutu pamoja na washa yake ya kupondeka, maana washa hiyo haikai sawasawa, na kiwambo kikiinama hata kidogo risasi itagonga visahani. Hesi zikapigwa brashi. Kiwambo kikazungushwa kwa mkono mpaka kikakaa kwenye bega la mtutu bila nafasi. Mwisho tukapitisha fimbo ya chuma iliyonyooka kutoka upande wa chemba mpaka nje, tukatazama kwa mbele: ilikuwa katikati kabisa ya tundu.

Uwanjani, risasi za kwanza zilituvunja moyo. Zilikuwa za greini 115, nyepesi, nazo kwenye mtutu mrefu huipita sauti yenyewe, ambayo huenda kama mita 343 kwa sekunde. Risasi ikiipita sauti inapiga ufa hewani kama mjeledi, na ufa huo hauzuiwi na kiwambo, kwa kuwa unazaliwa nje. Tukabadili, tukatia za greini 147, nzito na za polepole. Hapo ndipo nilisikia kitu kipya: kishindo kizito, kisha chuma kikigongana ndani ya bunduki, kisha "ting" kutoka kwenye bamba la shabaha. Moshi kidogo ulinirudia usoni, maana bomba hurudisha hewa nyuma. Baada ya kila magazini tulikagua kama kiwambo hakijalegea, kwa glavu, kinachoma kama sufuria.

Jioni dada alituangalia tukiifungia kwenye kabati la chuma. "Mmeinyamazisha," alisema. "Mimi nilikuwa naiogopa ikipiga kelele. Sasa nitaiogopa zaidi." Shemeji alieleza habari za desibeli. Dada akamchukua mtoto akaenda zake. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Masikio yangu nimeyaokoa, lakini dada haongelei masikio.

Usiku nikapiga simu Morogoro. Binamu akaiweka kwenye sikio la kulia la mjomba. Nikampigia shikamoo kwa kelele mpaka mtoto akaamka, nikamweleza yote, kiwambo na nyenje. Akanyamaza kidogo.

"Sisi kwenye mizinga tulitia pamba," akasema. "Ikiisha, tunatia vidole. Na vidole navyo vina kazi."

"Mjomba," nikasema, "zamani tulikuwa tunakujia upande wa kushoto. Tunakuita majina."

"Najua."

"Ulikuwa unasikia?"

"Nisikie wapi! Nilikuwa naviona vivuli vyenu ukutani, mnavyocheka."