Mkono wa Kulia ni Bahari

Kila ifikapo likizo, familia nyingi za mwambao hufunga mizigo kwenda kuwatazama jamaa walio mbali na mji. Wengine huelekea Lamu, wengine Tana, wengine huingia bara ya Kilifi. Safari hizi ni za kheri, maana kuunga udugu ni ibada. Lakini sisi watu wa mji tumezoea njia zenye duka na msikiti kila hatua mia, na tunaposhika njia ya nyika huenda kama waendao sokoni. Tumeona vyema kuwasimulia wasomaji wetu yaliyotufika. Sehemu kubwa ya masaibu hayo tuliyaleta kwa mikono yetu wenyewe, na afichaye kosa lake huwanyima wenziwe funzo.

Ilikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imeshika, jua kali na ardhi imekauka. Tulitoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri kwenda kutoa mkono wa taazia kwa jamaa waliofiwa, katika kijiji kilicho ndani zaidi ya Marafa, pande za msitu wa Dakacha. Tulikuwa watu saba katika gari moja: sisi wawili mke na mume, mama mzazi wa mmoja wetu, ambaye nyumbani sote humwita Nana, ami yetu, binti yetu mdogo, mwana wetu wa miaka kumi na sita, na mpwa wetu wa miaka kumi na tisa.

Tulipoipita Marafa tuliambiwa kuna njia ya mkato. Tukaifuata. Baada ya mwendo wa kama saa moja magurudumu yakazama mchangani, na kila tulipotia moto gari lilizidi kuzama. Tulichimba kwa mikono, tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu, hata mtambo ukachemka na kuzimika. Simu hazikuwa na mtandao. Ilikuwa yapata saa tano na nusu. Maji ya kunywa tuliyobeba yalikwisha tangu Malindi, isipokuwa chupa moja ya nusu lita. Kilichobaki ni dumu la lita kumi alilolibeba Nana kwa ajili ya udhu, ambalo asubuhi ile tulimcheka kwa kulipakia.

Hapo ndipo tulipohitilafiana. Ami alisema tukae palepale penye gari. Sisi tulisema kukaa ni kungoja mauti.

"Wanangu," alisema, "gari huonekana kwa mbali. Mtu mmoja msituni haonekani hata na aliye hatua ishirini."

"Ami, watu wa matanga wanatungoja," tukamjibu. "Vijana wana miguu mepesi. Watarudi kwa njia tuliyojia, watuletee msaada kabla ya Alasiri."

Yatupasa kusema kweli: tuliogopa kiu, lakini zaidi ya kiu tuliona haya kuchelewa. Haya ile ndiyo iliyotuponza. Tukawapa vijana ile chupa ya nusu lita, tukawasisitizia waandame alama za magurudumu, nao wakaondoka jua likiwa utosini.

Ulipoingia wakati wa Adhuhuri, Nana akalinyoshea mkono dumu lake. Ami akamzuia kwa upole. "Shemeji, maji ya leo ni ya roho. Udhu wetu ni mchanga." Nana alinyamaza kitambo. Katika umri wake wote hakuwahi kusali kwa tayamamu. Kisha akapiga viganja vyake juu ya ardhi safi yenye vumbi, akapangusa uso. Akapiga mara ya pili, akapangusa mikono hadi viwikoni. Nasi tukafuata. Wengi wetu tulijifunza hukumu hii chuoni tukiwa wadogo, kwamba mwenye kuchelea kiu huyaweka maji yake na kutayamamu. Tuliijua kama jambo la kitabuni. Siku ile tulifahamu kuwa dini yetu ilikwisha kuifikiria nyika kabla yetu.

Baada ya sala ami alitutoa garini, maana gari lililofungwa juani ni tanuri, akatuweka chini ya mkwaju uliokuwa karibu. Boneti aliiacha wazi, na leso nyekundu ya Nana akaitandaza juu ya paa na kuikaza kwa mawe. Alitukataza kutembeatembea na kusema ovyo, kwani kinywa kilicho wazi hukauka. Tulipoanza kugawana maji kwa vifuniko vya chupa alikataa. Kila aliyeona kiu alimnywesha ya kutosha. "Maji yaliyo ndani ya dumu hayamfai aliyekwisha zimia," alisema. Tangu siku ile tumesoma kwamba hivyo ndivyo wafundishavyo waokoaji: punguza jasho lako kwa kupumzika kivulini, wala usiupunje mwili maji unapoyahitaji.

Alasiri iliingia, vijana hawajarudi. Haukupita muda tukasikia pikipiki. Alikuwa kijana aliyebeba magunia ya makaa. Tangu mbali aliiona leso nyekundu. Alituuliza swali moja tu: "Mko wangapi?" Tukajibu, "Saba." Akatuhesabu kwa macho, akaona watano. Hakuuliza zaidi. Aliyashusha magunia yake kando ya njia na kurudi mbio alikotoka.

Kabla ya Magharibi wakaja watu wa kijiji, Wagiriama, wengi wao wasio wa dini yetu wala hawatujui. Walileta maji, tochi na madebe mawili. Walizifuata nyayo za vijana mpaka penye kijia cha miguu, hapo walipoziacha alama za magurudumu. Giza likaingia. Sisi wawili tuliachwa penye gari na binti yetu aliyelala, tukilisikiliza debe likipigwa na kwenda mbali, kisha likipigwa na kwenda mbali zaidi. Katika saa zile kila mmoja wetu alijua neno alilolisema mchana kumpinga ami, na hatukuweza kutazamana.

Waliwapata yapata saa saba za usiku.

Waliyotusimulia vijana ni haya. Nusu saa baada ya kutuacha waliona kijia kilichoelekea, kwa dhana yao, upande wa mashariki, iliko barabara ya lami iendayo Garsen. Wakadhani watapunguza mwendo. Kijia kikagawanyika, kisha kikapotea. Kwa kuwa jua lilikuwa juu ya vichwa vyao, halikuwaonyesha upande wowote. Chupa yao ilikwisha kabla ya saa nane. Mpwa wetu, ambaye ndiye mkubwa, alishikilia kwamba barabara i karibu. Wakaenda, wakaenda, hata akaanza kutapika na kuumwa kichwa.

Jua lilipokaribia kuzama, mwana wetu alisema lazima wasali. Wakatayamamu. Wakasimama kuitafuta kibla, na hapo ndipo kijana alipozindukana. Tangu utotoni ameambiwa na ami yake kwamba hapa kwetu pwani Makka iko karibu kaskazini kamili, na kwamba mwenye kuelekea kibla, mkono wake wa kulia ni bahari na wa kushoto ni machweo. Alilitazama jua lililokuwa mbele yao. "Baba," alituambia baadaye, "tangu Alasiri tulikuwa tukilifuata jua. Tulikuwa tukiikimbia barabara."

Baada ya sala mkubwa alitaka wageuke warudi usiku uleule. Mdogo akakataa. Walifagia kwa tawi mahali chini ya mti, wakakaa wameegemezana migongo, wakazima simu ili wasimalize chaji. Debe lilipowafikia mara ya kwanza, walijaribu kuita, sauti hazikutoka; koo zilikuwa zimekauka. Watafutaji wakawapita. Ndipo mwana wetu akaokota mawe mawili akawa akiyagonganisha, matatu matatu, bila kukoma. Debe liliporudi mara ya pili, mzee mmoja akanyamazisha wenziwe, akasikia.

Mpwa wetu alilazwa siku mbili hospitalini Malindi akitiwa maji ya mshipani. Alhamdulillahi, alipona. Taazia tuliitoa juma la pili, na wafiwa ndio waliotupa sisi pole.

Tangu siku ile tumejifunza mengi kwa kuuliza na kusoma, na hapa tunayatoa machache yaliyo mepesi kwa kila nyumba.

La kwanza ni kukaa. Anayetambua kuwa amepotea, hatua bora ni ile asiyoipiga. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa Ujerumani walichapisha matokeo ya majaribio yao ya kuwatembeza watu katika msitu wa nchi hiyo na katika jangwa la Sahara: waliokuwa hawalioni jua wala mwezi walizunguka na kurejea walikopita, ilhali wenyewe wakiamini wananyoosha. Watoto wafundishwe kwamba wakipotea waukumbatie mti mmoja na kubaki hapo. Mzazi naye aahidi mapema kwamba hatamgombeza atakayepatikana, kwa sababu mtoto aogopaye kugombezwa hujificha hata akiitwa jina lake.

La pili ni kujua pande. Chomeka kijiti wima mahali palipo sawa, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, ungoje kama robo saa au zaidi, kisha uweke jiwe la pili ncha ilipohamia. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki. Ukisimama la kwanza likiwa kushotoni kwako na la pili kuliani, umeielekea kaskazini, nayo kwetu ndiyo kibla. Tahadhari na jua la mchana: hapa kwetu mwezi wa Juni hukaa upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba upande wa kusini. Asiyelijua hilo hudanganyika.

La tatu ni maji. Maji ya kisima au ya dimbwi yachujwe kwa leso safi iliyokunjwa, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Usipokuwa na moto, yatie maji yaliyochujwa yakawa maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juani saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Maji ya bahari yasinywewe kabisa, huzidisha kiu. Wala usijaribu utomvu wa mnyaa, una sumu na hudhuru macho. Aliyelegea kwa joto alazwe kivulini, alegezwe nguo, alowanishwe mwili na kupepewa. Akiwa na fahamu, anyweshwe kidogo kidogo lita moja ya maji safi iliyotiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aliyepotewa na fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

La nne ni nyoka. Kifutu hulala njiani bila kujitikisa, basi kanyaga unapopaona na usitie mkono penye shimo wala chini ya gogo. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe jeraha, wala asikazwe kamba. Avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kifungwe kijiti kisitikisike, naye abebwe hospitalini, maana kutembea huisambaza sumu.

La tano ni kujulikana uliko. Kabla ya kuondoka, mwambie mtu aliyebaki nyumbani ni njia gani unayopita na ni saa ngapi unatazamiwa kufika. Ishara ya msaada hutolewa tatu tatu: filimbi tatu, mapigo matatu ya debe, mioto mitatu. Namba za dharura nchini mwetu ni 999 na 112. Pale ambapo sauti haipiti, ujumbe mfupi huenda ukapita.

Katika gari letu sasa mna kikapu ambacho hakishuki: dumu mbili za maji, kiberiti kilichofungwa katika plastiki, kisu, kamba, tochi, chumvi na sukari, leso nyekundu, na jembe dogo. Kila mtoto ana filimbi yake shingoni. Binti yetu huipuliza ndani ya nyumba mpaka majirani wakalalamika, nasi hatumkatazi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza mtu aifunge ngamia wake kisha ndiyo atawakali. Sisi tulitawakali na ngamia tumemwacha wazi. Bi Hajar naye, alipoachwa na mwanawe katika bonde lisilo na maji, alimtegemea Mola wake na papo hapo akakimbia mara saba baina ya Safa na Marwa. Tumelisikia kila mwaka, na hatukulifahamu mpaka tulipokaa usiku ule tukilisikiliza debe.

Kijana wa makaa tulimtafuta tukamshukuru. Magunia yake mawili hakuyakuta aliporudi. Tulipotaka kumlipa alikataa mara mbili, akakubali ya tatu. Ami yetu hakuwahi kutukumbusha kwamba alituonya. Siku moja tu, tulipokuwa tukifunga mizigo kwenda tena pande zile, alisimama mlangoni akauliza, "Maji ya Nana yamo?" Tukajibu kwamba yamo. Akasema, "Basi nendeni na amani ya Mungu."

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wote wa nchi kavu na wa baharini, na awarejeshe kwa watu wao salama. Amin.